Kosa la Bukini

Mbarak, sahibu yangu,

Sikuulizi hujambo, maana jibu lako nalijua na silitaki. Nakupa ile salamu wanayopewa watu wa makaburini, ambayo siku hizi naisema bila kugugumia, kwa sababu kila Ijumaa napita kwako nikiwa na kanzu safi. Ndiyo, kanzu safi. Mimi, Omari.

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe, huu uliozoea mtaimbo, kwa hivyo usishangae ukiona herufi zimeegemeana. Mimi shule niliiacha kidato cha pili, wewe ukaendelea mpaka wakakosa darasa la kukupeleka. Lakini kwa kupiga hadithi hujawahi kunishinda, na leo nina habari ya kisima. Nitaieleza kwa mpango ule ulionifundisha wa kueleza jiwe: kwanza sema liko wapi, halafu lina rangi gani, halafu ndiyo uropoke unavyofikiri.

Kwanza nikwambie neno ambalo sikuweza kukwambia nilipokuwa nikishika kona ya jeneza lako. Siku tuliyokuzika, jina lako kule Mwakirunge lilikuwa ni jina la maji ya chumvi. Watu walikuja, Mungu awajazi, wakabeba, wakatia mchanga, wakaomba dua nzuri. Kisha walipokuwa wakivaa viatu nikawasikia: "Kijana wa watu, lakini lile shimo lake, laa." Na mwingine akasema kwamba elimu yako ilikuwa ya makaratasi. Maneno yale yalitangulia kufika matangani kabla yetu, na mamako aliyasikia. Alivuta leso akafunika uso, na nikajua si kilio cha kufiwa peke yake. Kukupoteza aliweza kusema ni kazi ya Mungu. Kuchekwa kwako hakujua amwachie nani.

Nami nikasema moyoni, aachiwe Omari.

Ngoja nirudi nyuma, maana huko uliko huenda ukataka kumsomea mtu asiyetujua. Mwambie sisi ni wa Mishomoroni, mlango kwa mlango, wewe mwembamba wa vitabu na mimi mzuri wa sura. Mtihani wa darasa la nane tuliufanya pamoja, lile kundi la mwanzo mwanzo la mtihani huo. Wewe ukapita. Mimi nami nikapita, ila nilipita kando. Nikaonja sekondari mpaka kidato cha pili, kisha nikaingia kwa wachimba visima wa Kisauni, na bila kujisifu, haya basi, kwa kujisifu, hakuna aliyeshuka shimo refu kama mimi akatoka bado anaimba. Wewe ukaenda Nairobi kusomea mawe, na mtaa mzima ukamwuliza mamako, "Bi Rukia, mawe nayo yasomwa? Yasema nini?" Akawajibu, "Akirudi tutamwuliza." Jibu la kifalme lile.

Halafu ile safari yako ya mwaka wa mwisho, ulipotumwa kwenda kupima ukingo wa Bonde la Ufa ukataka mtu wa kukubebea mawe. Uliniambia ni matembezi. Ulisahau kuniambia kuna baridi ya kukata masikio, na kwamba matembezi yenyewe yatafanywa na mawe, yakiwa mgongoni mwangu. Tulipofika pale ukingoni nilisimama na kikoi changu na koti lako la kuazima, nikatazama chini, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nikakosa la kusema. Ulifurahi mpaka ukapiga makofi. "Nimeingoja siku hii tangu chuoni kwa maalim," ukasema.

Nakushukuru kwa siku ile, Mbarak. Sijui kama nilikushukuru papo hapo. Nadhani nilidai chai.

Ulinieleza kwamba ule ukuta si mlima ulioinuka. Ni nchi iliyobaki juu baada ya jirani yake kushuka. Ardhi ilivutwa huku na huku, kama mkate wa mofa ukishikwa na watoto wawili na kila mmoja ataka chake, ikapasuka, na kipande cha kati kikazama. Wala hakikuzama kwa mkupuo. Kilishuka ngazi kwa ngazi, na kila ngazi ina ufa wake, na kila ufa umeinama kuelekea bondeni, si wima kama nilivyodhani. Ukanipeleka penye jiwe lililosuguliwa na jiwe lenziwe mpaka likang'aa, lina mistari kama lililochanwa kwa kitana. Ukanishika mkono ukaupitisha juu yake. "Ukishuka wateleza," ukasema, "ukipanda wakwama. Basi jiwe lililoondoka hapa lilielekea chini." Mkono wangu ukaelewa kabla ya kichwa. Na ndivyo ulivyonifundisha daima, ulianza na mkono, kwa sababu ulijua kichwa changu ni kigumu na hukutaka kukivunjia heshima.

Nikakuuliza kama nchi itaachana kabisa pale. Ukasema huenda, baada ya dahari na dahari, bado yavutana. Lakini kwetu pwani, ukasema, mambo yalikwisha zamani: hapo ndipo kisiwa cha Bukini, hicho waitacho Madagaska, kilipokuwa kimeshikana nasi, kikabanduka kikaenda zake kusini. Ukingo wa mpasuko ule bado uko, na nyufa zake zapita nyuma ya Changamwe na Mwakirunge, zimefunikwa na mihogo ya watu wasiojua wamelima juu ya nini. Nikafikiri kidogo nikakwambia, "Basi bara ni talaka rejea. Sisi na Bukini ni talaka tatu." Ulicheka ukakaa chini. Ukaapa utaiandika hiyo kwenye karatasi yako ya chuo. Hukuiandika, mwoga wee.

Na jioni ile ulinionyesha jambo moja zaidi. Nilikuwa nimesema kwamba ukuta ule umenyooka kama wa jela. Ukasema, "Tazama tena, Omari." Kumbe haukunyooka. Ufa mmoja ulikwenda ukafifia ukafa, na kabla haujafa mwingine ulikuwa umeshaanza nyuma yake kidogo, nao ukaendeleza safari. Ukasema ni kama wapagazi wawili wanaopokezana mzigo, na penye kupokezana ndipo mtu hupotea. Nikaitikia "naam" kwa adabu zote nikiwa nafikiria supu.

Ukarudi nyumbani, ukataka kuchimba kisima Mwakirunge, kwa kuwa ndiko kwao mamako, na wanawake wa kule wakiteremka na madumu mpaka mtoni kisha wapande nayo kichwani. Shamba lilikuwa la Mzee Chengo. Tukaitiwa baraza uani kwake, na Mungu akurehemu, Kiswahili chako kilikuwa kimeshaharibiwa na chuo. Ukasimama ukasema, "Shikamooni. Kuna folti inayopita hapa."

Mzee Chengo akauliza, "Folti ndiyo nini?"

Ukanitazama. Nami, mkalimani wa kuzaliwa, nikalikumbuka neno lile la Kiingereza kutoka kidato cha pili, ambako mwalimu alilitumia kila siku akininyooshea kidole. Nikasimama, nikanyoosha shati, nikatangaza: "Wazee wangu, asema chini ya ardhi hii pana kosa."

Mzee Chengo akatua kikombe. "Kosa la nani?"

"La zamani," nikamwambia. "Zamani mno."

"Zamani ya babu zetu?"

"Kabla yao."

"Na kwa nini hatukuambiwa?"

Mama mmoja nyuma akasema, "Ndiyo maana maji machungu." Ndugu wakaanza kutazamana, ukoo huu ukiutazama ukoo ule, na nikaona kwamba kwa neno moja nimeshusha kesi ya vizazi. Wewe, uliyetaka kusema ufa tu, ukanikanyaga mguu, na bado naukumbuka uzito wa kile kiatu. Kisha ukasema kwa upole, "Ni kosa la Bukini, mzee. Ilikuwa imeungana nasi hapa, ikabanduka ikaondoka."

Mzee Chengo akafikiri sana. "Iliaga?"

"Haikuaga."

"Basi kosa ni lao," akasema, na uani kote watu wakashusha pumzi. Akatupa ruhusa ya kuchimba. Alitaka tu dua isomwe kwanza na mbuzi achinjwe, ili kosa lioshwe kabla ya kuguswa. Ukala nyama ile kuliko mtu yeyote, wewe msomi. Na mpaka leo pahali pale paitwa Kosani. Makonda wakipita huko juu waita "Kosani washuke." Jina hilo nimelitoa mimi. Wewe una shahada, mimi nina kituo.

Halafu likaja lile shimo. Ulikuwa umeupata ufa korongoni, uso wake wa kung'aa uko wazi, ukafunga kamba pale ukaivuta moja kwa moja mpaka shamba la Mzee Chengo. Ukasema upande wa baharini ulioshuka ni wa tope gumu la kijivu, na maji yake ni ya chumvi. Upande wa bara uliobaki juu ni jiwe la mchanga, na maji yake ni baridi. Tukachimba upande wa bara wa kamba yako. Nikashuka nikiimba. Kijivu. Nikaendelea. Kijivu, laini kama sabuni iliyolowa. Maji yakaja, wote wakakusanyika, Mzee Chengo akaonja akatema.

"Kumbe bahari yenyewe mmeileta huku," akasema.

Hawakutukana, walicheka tu, nako kulikuwa kubaya zaidi. Baada ya hapo figo zako zikaanza, na visima vikawa si mazungumzo tena.

Wakumbuka siku nilipokuletea uji hospitali? Ulikuwa umebaki macho tu. Nilikuwa nakueleza habari za mpira, ukatoa mikono juu ya shuka ukailaza, kidole cha mkono huu kikiishia, na cha mkono ule kikianzia nyuma yake. "Omari," ukasema, "ufa umeruka. Umeruka kabla ya kufika shambani." Muuguzi akadhani waweweseka, akakufunika. Mimi sikudhani. Nikaona ule ukuta wa bara na wapagazi wako wawili. Nikakuuliza umerukia wapi. Ukasema, "Banda la mbuzi." Kwa sababu ulikumbuka kwamba msingi wa banda la Mzee Chengo ni wa jiwe la mchanga, na mtu habebi mawe mbali kwa ajili ya mbuzi. Kisha ukanipa maagizo, pumzi kwa pumzi: nichimbe hapo hapo kwenye banda, nipite kijivu bila kuogopa, ufa umeinama nitaukuta chini, na lile jiwe lililovunjikavunjika nyuma yake ndilo lishikalo maji.

Ulitabasamu. Ulikuwa umekosea, na ulikuwa na furaha kama mtoto, kwa kuwa umejua ni wapi ulipokosea. Sijaona mtu mwingine akifurahi hivyo. Mimi nikikosea hutafuta wa kumsingizia.

Wiki ile ile ukaenda zako.

Sasa fikiria mimi, arubaini imekwisha, naenda kwa Mzee Chengo kumwomba avunje banda la mbuzi. Nilimwamkia mara mbili kwa hofu. Akanisikiliza, akasema, "Mwenzako alisema hapa, ikawa chumvi. Sasa amekufa, wasema alisema pale. Maiti nao wabadilisha maneno?"

Nikamwambia, "Aliyabadilisha angali hai, mzee. Alichelewa kufika tu."

Akanitazama kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa akingoja mzaha wangu, nao haukuja. Akasema, "Mbuzi watahama. Lakini ikiwa chumvi tena, wafukia mashimo yote mawili kwa mkono wako, na jina la kijana yule halitajwi tena uani kwangu. Nimechoka kulisikia likichekwa." Basi hilo ndilo nililoshuka nalo, Mbarak. Jina lako lilikuwa ndani ya karai, na kamba imeshikwa na watu ambao wangeweza kunicheka papo hapo.

Kijivu, sahibu. Kijivu juu, kijivu chini yake, kijivu kikaanza kutoa jasho la chumvi. Nikasikia juu mtu akisema, "Amefika Bukini huyo?" na wengine wakaangua kicheko. Sikuimba. Nilikuwa nakusemesha wewe, na si kwa maneno mazuri. Nilikwambia kama umenidanganya nitakuja huko huko tugombane. Nikapiga sururu ikateleza, haikuzama. Nikapiga tena ikateleza tena, upande mmoja, upande wa baharini. Nikatupa sururu, nikapangusa tope kwa kiganja.

Ni uso uliolala mshazari, mgumu, baridi, una mistari. Nikapitisha mkono kushuka, ukateleza. Nikaupandisha, ukakwama.

Nikakaa pale chini, mgongo ukutani, nikalia. Usimwambie mtu. Walio juu waliponiuliza mbona kimya niliwaambia napumzika. Wewe kosa hili la kwetu uliligusa korongoni tu, ambako jua na mvua vimelipara. Mimi nililigusa likiwa bichi, halijaguswa na mtu tangu Bukini iondoke. Ningetoa chochote uwe wewe. Basi nililigusa mara ya pili kwa niaba yako, na ya pili nilitumia mkono wa kulia.

Nikavunja kwa mtaimbo. Nyuma yake jiwe la mchanga limesagikasagika, rangi ya ngano, na maji yakaja taratibu bila kelele, kama mgeni mwenye adabu. Nikayaonja. Sikuamini ulimi wangu, maana ulikuwa umeshakolea chumvi ya huko juu. Nikajaza ndoo nikawaambia vuteni, msinywe, mpeni Bi Rukia kwanza.

Mamako alikuwa amekuja. Hakuna aliyemwita. Waliniambia alishika kata kwa mikono miwili, akapiga bismillahi, akanywa, akasimama tu. Kila mtu akimtazama koo. Kisha akasema, "Nipeni tena." Nilisikia mimi huko chini, maana hakuna aliyekuwa akipumua. Halafu akainama kwenye mdomo wa kisima akaniita kwa sauti ile ya kutuitia chakula tulipokuwa watoto, "Omari, panda juu mwanangu, utapata baridi." Kukawa na kelele, vigelegele, kelele tena. Mzee Chengo akanywa, akapangusa ndevu, akasema, "Wabukini wamesamehewa." Na muda wote walipokuwa wakinivuta juu kwa kamba hakuna aliyecheka jina lako. Tangu siku ile halijachekwa.

Kazi haikuishia hapo, usidhani nilikuwa mvivu. Nimeizungushia ile sehemu ya kijivu matofali ya matumbawe na saruji, ili chumvi ya juu isichuruzike ikaingia kwenye tamu. Lile shimo letu la kwanza nimelifukia, si kwa amri ya mtu, ni kwa ajili ya watoto wasitumbukie. Mbuzi wamepata banda jipya, zuri kuliko la kwanza, na bado wanikasirikia. Kazi imenijia mpaka kutoka Likoni. Nikifika penye shamba la mtu sikimbilii kuchimba. Nazunguka kwanza nikitazama misingi ya vibanda na kuta za zizi, nauliza mawe haya yametoka wapi. Wananiona nina maarifa ya ajabu. Nawaachia waone.

Nilikwenda kwa maalim nikamwuliza swali. Nikasema, mtu aliyeonyesha pa kuchimba akafa kabla maji hayajatoka, ana fungu lolote? Akasema, "Ni sadaka jaria, isiyokatika. Aliyeonyesha na aliyechimba, wote wana thawabu, maadamu yanywewa." Nikauliza, je, wagawana sawa kwa sawa, na mimi ndiye niliyebeba tope? Akanifukuza. Basi hesabu ni hiyo, Mbarak: wewe umelala, na mimi bado naamka alfajiri, na wanawake wa Mwakirunge wakutekea thawabu kwa ndoo kuanzia adhana mpaka magharibi. Sijaona mtu mwenye bahati kama wewe. Ulikuwa hivyo hivyo hata darasani.

Mamako ni mzima. Amerudi kwao Mwakirunge kwa dada yake, karibu na kisima, na akisikia mgeni auliza njia ya Kosani humsindikiza mwenyewe na kumweleza habari ya wapagazi wawili, akiikosea kidogo. Simsahihishi.

Nakushukuru, ndugu yangu. Kwa baridi ile ya bara, kwa mawe mgongoni mwangu, kwa kutonicheka mbele ya wazee siku nilipotafsiri vile, na kwa kunipa mimi maneno yako ya mwisho ya kazi, wakati ungeweza kungoja aje msomi mwenzako. Ulinipa mimi. Bado sijazoea.

Sasa nakuaga, giza lanikaribia na taa haina mafuta. Nakuahidi haya. Kila mwaka kabla ya masika nitashuka kukisafisha kwa mkono wangu, na nikizeeka nitamshusha mwanangu huku nikimpigia kelele. Hakuna atakayekitia mlango wala kufuli nikiwa hai. Na nikiulizwa ni nani aliyekipata kisima cha Kosani, nitalitaja jina lako kwanza. Langu nitalitaja la pili. Usinitake zaidi ya hapo, Mbarak, wanijua.

Wako,
Omari